Finjani ya Hajj Mutlaq

Mtu akikimbia, mpelelezi hufurahi. Na Ghazwan alikuwa amefurahi wiki nzima, maana yule daktari wa nusukaputi alitoweka kutoka mji wa Karak mara tu baada ya mgonjwa kufa: simu haipatikani, nyumba imefungwa, hata paka kamwachia jirani. Ghazwan, aliyekula chumvi nyingi katika polisi ya upelelezi kabla magoti hayajamstaafisha, alishaanza kumpangia yule bwana maswali kichwani. Kumbe! Bwana hakukimbia popote. Alikuwa Kuwait, kazini, na kazi yenyewe aliipata tangu majira ya baridi. Wenzake walimfanyia sherehe ya kumuaga, keki ikaliwa, picha zikapigwa, na mgonjwa mwenyewe hajalazwa bado.

"Kwa hiyo mtu wetu hakukimbia," alisema Wakili Nuzha, akikoroga chai. "Alihama. Kama watu wanavyohama."

"Alimwacha paka," Ghazwan alijitetea.

"Abu Layan, siwezi kusimama mbele ya baraza la nidhamu nikawaambia kuna paka."

Alimwita hivyo kwa heshima, kwa jina la binti yake wa kwanza, kama alivyoitwa na watu wote wa Amman waliokuwa hawajagombana naye. Ofisi ya Wakili Nuzha ilikuwa juu ya duka la kunafa, ile halwa ya jibini, na harufu ya samli na jibini ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Wateja wake wote walikuwa watu wa vyeti: mawakili wenzake walioshtakiwa na watu waliowatetea, wahandisi wenye kuta zilizopasuka, madaktari. Walimfikia wakiwa wameshajihukumu wenyewe, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwakatalia.

Huyu aliyeketi kwenye kochi asubuhi ile alikuwa Daktari Wisal, mpasuaji kutoka Karak. Alikuwa amekaa wima, mikono ameilaza magotini, chai yake imeshapoa. Kesho asubuhi baraza la nidhamu la chama cha madaktari lingekaa kumwamulia. Likimtia hatiani, leseni yake ingefutwa, na asingeshika tena kisu cha upasuaji maisha yake yote.

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo. Mgonjwa aliitwa Munawwar, mfugaji, mtu mzima mwenye nguvu zake. Daktari Wisal alimtoa mfuko wa nyongo, upasuaji ukaenda salama, kesho yake mtu akacheka na wauguzi. Siku iliyofuata aliinuka kwenda msalani, akaanguka, akafa. Donge la damu lilikuwa limetoka mguuni likaziba mapafu. Wataalamu watatu waliombwa maoni. Wawili waliandika kwamba lilikuwa jambo linaloweza kutokea hata mikononi mwa daktari bora. Wa tatu akaandika kwamba pengine mgonjwa alipaswa kutembezwa mapema zaidi. Pengine! Neno hilo moja lilitosha kulitia baraza mashaka, na baraza lenye mashaka huegemea chochote kinachosimama.

Kilichosimama kilikuwa kiapo cha Abu Saqr, kaka wa marehemu.

"Nisomee tena," Ghazwan alisema.

Wakili Nuzha hakuhitaji kusoma. "Ameapa kwamba msiba ukiwa bado mbichi, Hajj Mutlaq, baba yake mdogo Daktari Wisal, alikuja nyumbani kwao na wanaume wa ukoo wake, akaomba atwa ya kukiri."

Atwa ni muda wa amani. Damu ikimwagika, ukoo wa mtuhumiwa huwaendea wenye msiba na kuuomba, ili watu wasishikane mashati barabarani. Ipo ya uchunguzi, ya wanaosema tungojee ukweli ujulikane. Na ipo ya kukiri, ya wanaosema kosa ni letu, tunaomba muda tulilipe. Ukishaiomba hiyo ya pili, umeshajifunga kamba mwenyewe.

"Wakili wao atauliza jambo moja tu," Nuzha aliendelea. "Kama huyu daktari hakukosea, ukoo wake ulikwenda kukiri nini? Na mimi sina jibu, kwa sababu Hajj Mutlaq hasemi. Nimempigia, kanikatia simu. Nimetuma mtu, kampa zabibu kavu, akamrudisha."

"Hata mimi hapokei simu yangu," Daktari Wisal alisema. Ndiyo mara ya kwanza kufungua kinywa. "Ammi amenilea, baba alipofariki. Alinisomesha. Kama kweli alikwenda kuwaambia nimeua, basi mimi nataka anitazame usoni aniambie na mimi."

"Bibi, unaamini uliua?" Ghazwan aliuliza.

"Nimepitia kila nilichofanya, tangu kumwosha mpaka kumfunga bandeji. Silioni kosa. Ndilo linaloniumiza, silioni."

Ghazwan aliinuka, magoti yakalia. "Naenda Karak," alisema.

Alimkuta Hajj Mutlaq zizini, akiwamwagia mbuzi shayiri. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, kilemba chekundu kimekaa upande kwa hasira. Hakumkaribisha ndani.

"Wewe ndiye mbwa wa yule wakili mwanamke?"

"Mbwa mzee, Hajj. Meno yameisha."

"Basi rudi kwenu. Hapa hakuna mfupa."

Ghazwan akaokota ndoo ya pili, akaanza naye kumwaga shayiri bila kuombwa. Mbuzi mmoja akamkanyaga, akatukana. Mzee akacheka kidogo kwa pua, na mlango ukapata ufa.

"Ulikwenda kwa Abu Saqr, Hajj?"

"Nilikwenda. Mtu kafiwa na ndugu yake, na mwanangu ndiye aliyekuwa daktari. Nikae nyumbani nikune mgongo? Nilikwenda kutoa rambirambi na wanangu na watoto wa ndugu zangu."

"Ukaomba atwa?"

Mzee akaacha kumwaga. "Ningeombaje atwa ya kukiri wakati sijui kama kuna kosa? Mimi mpumbavu?"

"Basi njoo Amman kesho, sema hivyo hivyo."

"Thubutu!" Mbuzi wakashtuka. "Niende Amman nikaseme Abu Saqr mwongo? Nimekaa kwenye zulia la mtu, nimekunywa kahawa yake, kaniinukia mlangoni na msiba wake kichwani, kisha niende nikamwite mwongo mbele ya watu wenye tai? Ukoo wetu haujafika huko."

"Na Wisal?"

Uso wa mzee ukajikunja. Akageuka kwenye pipa la maji kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. "Wisal ni roho yangu," alisema. "Unadhani kwa nini sipokei simu yake? Akinililia nitakwenda, nikienda nimejidhalilisha mimi na yeye na baba yake kaburini. Mwache Mungu aamue."

Ghazwan alisimama na ndoo tupu. Kulikuwa na neno limemwingia sikioni likakwama, kama punje ya mchele kwenye jino, na akalirudia taratibu.

"Umesema ulikunywa kahawa yake."

"Ndiyo. Ulitaka niimwage?"

"Uliinywa lini, Hajj? Kabla hujasema neno au baada?"

"Nilipokaa tu. Nilikuwa nimetembea juani, koo kavu. Wakamimina, nikanywa. Wakamimina, nikanywa tena. Ndipo nikasema yale tunayosema kwenye misiba, kwamba sisi ni ndugu zao, na wakitaka lolote haki yao iko shingoni mwetu. Kuna ubaya gani?"

Ghazwan akaweka ndoo chini, akamshika mzee mabega yote mawili, akambusu kichwani juu ya kilemba.

"Ebo! Una wazimu?"

"Hapana, Hajj. Hujamwita mtu mwongo. Ubaki na heshima yako hapa hapa zizini."

Maana huko kwao, hata mtoto anayejifunza kutambaa analijua jambo hili: aliyekuja na haja hanywi. Akimiminiwa kahawa, huipokea, huiweka chini mbele yake, na hapo watu wote hunyamaza, kwa kuwa finjani iliyo chini imeshasema. Mwenyeji atauliza, haja yako nini? Mgeni ataisema. Akikubaliwa, ataambiwa, kunywa kahawa yako, na akiinywa mambo yamekwisha. Asipokubaliwa, huondoka na kiu yake, na kahawa iliyoachwa ni aibu ya mwenyeji kwa miaka. Ghazwan mwenyewe alipoposwa... la, alipoposa, baba yake aliiweka finjani chini nyumbani kwa baba mkwe, na yule mzee mwenye roho ngumu akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya malisho, akazungumzia mvua tena, huku Ghazwan akitokwa jasho mpaka kwenye soksi.

Sasa mtu anaombaje atwa, tena ya kukiri, huku ameshakunywa mbili?

Akampigia Wakili Nuzha akiwa kando ya barabara. Akamweleza. Upande wa pili kukatoka kicheko kirefu.

"Mimi binti wa Karak!" Nuzha alisema. "Mimi nimekulia chini ya dele la kahawa! Miezi yote hii nasoma ripoti za mapafu, sikuuliza swali ambalo bibi yangu angeliuliza kwanza. Mwenyekiti wa baraza ni mtu wa Tafila, jirani zetu wa kusini, Abu Layan. Atalielewa kabla sijalimaliza."

"Atalielewa akilisikia kwa nani? Hajj hatii mguu Amman. Na mimi sikuwapo."

"Wanawe je?"

"Wamekatazwa. Ukiwaita watasema hawakumbuki hata majina yao. Nakitaka kinywa cha Abu Saqr mwenyewe."

"Usimdanganye, tafadhali. Wala usimtishe. Wakisema tumemtisha shahidi, nitakuwa mimi ninayetafuta wakili."

"Sitamdanganya, wala simtishi," Ghazwan alisema. "Nitamwomba."

Wanaume wa ukoo wa Abu Saqr walikuwa wametoka kuswali alasiri, wamekaa barazani kwao, magodoro yamezunguka kuta tatu. Ghazwan aliingia akatoa salamu, akajitaja jina na akasema waziwazi anafanya kazi kwa nani. Watu wa barazani wakanuna. Lakini mgeni ni mgeni, na Abu Saqr, mtu mfupi mpana mwenye ndevu zilizoanza mvi na macho mekundu, aliinuka akamwonyesha mahali pa juu. Kisha akashika dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, akammiminia mwenyewe.

Ghazwan akaipokea. Akainusa, iliki yake nzuri. Kisha akainama, akaiweka chini kwenye zulia mbele ya magoti yake.

Loh! Ungedhani ameweka nyoka. Mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia pembeni, Abu Dhiyab, ami yao, akaamshwa na ule ukimya.

"Kafanya nini?" aliuliza kwa sauti ya kiziwi.

"Kaweka finjani, ami."

"Yuko na haja?"

"Yuko na haja."

"Basi aulizwe!"

Abu Saqr alikuwa bado amesimama na dele. Alimtazama Ghazwan kama mtu anayetafuta mlango wa mtego. Lakini wanaume zaidi ya kumi walikuwa wanamtazama yeye, na kahawa ilikuwa inapoa juu ya zulia la baba yake.

"Sema haja yako, mgeni," alisema.

"Siombi mfute mashtaka," Ghazwan alisema. "Siombi msamaha, siombi sulhu, hayo si yangu. Haja yangu ni swali moja. Nijibiwe hapa, mbele ya ukoo wako, kweli tupu. Nikijibiwa naondoka, liwe na faida kwangu au hasara."

"Swali gani?"

"Haja hutolewa kwanza, Abu Saqr. Wewe unajua kuliko mimi."

"Swali tu?" Abu Dhiyab alidakia. "Mpe swali lake, mwanangu! Kahawa inaharibika!"

Watu wakacheka chinichini.  Kumkatalia mgeni swali, tena swali tupu, habari hiyo ingefika Aqaba kabla ya magharibi.

"Umepata," Abu Saqr alisema. "Kunywa kahawa yako."

Ghazwan akaiinua akainywa yote. Ilikuwa vuguvugu, chungu, tamu kuliko asali. Akaitikisa ile finjani kuonyesha imemtosha, akamrudishia.

"Siku Hajj Mutlaq alipokuja hapa na wanawe," alisema, "finjani yake aliiweka wapi?"

 Abu Saqr akageuka kuliweka dele kwenye makaa, akaliweka vibaya, akaliweka tena.

"Yanayosemwa Amman maana yake," Ghazwan aliendelea kwa upole, "ni kwamba Hajj Mutlaq aliiacha kahawa yenu chini."

"Nani kasema?" Huyo alikuwa binamu mmoja kijana mwenye shingo nene, Abu Thamir, tayari ameshapiga goti moja. "Nani kasema mtu aliacha kahawa yetu? Kwenye msiba wetu? Mimi ndiye niliyemimina siku ile! Hajj alikunywa alipokaa tu, kabla hata hajajifuta jasho! Nikamwongeza, akanywa! Wanawe wote wakanywa! Anayesema kahawa yetu iliachwa aje aniambie mimi!"

"Abu Thamir, kaa," Abu Saqr alisema taratibu.

"Sikai! Anatutia aibu!"

"Hakuna aibu," Ghazwan alisema. "Kwa hiyo alikunywa kabla ya kusema."

"Kabla! Aliketi, akanywa, akatoa rambirambi, akaondoka. Mtu muungwana."

Ghazwan hakumtazama tena Abu Thamir. "Swali langu nilimwomba mwenye nyumba," alisema.

 Makaa yalipasuka. Abu Saqr alibaki ameinamia dele, mgongo kwa watu, na aliposema, sauti yake ilitoka chini sana.

"Alikunywa."

"Kasemaje?" Abu Dhiyab aliuliza.

"Amesema Hajj alikunywa, ami."

"Bila shaka alikunywa! Kwani kulikuwa na nini? Alikuja kutupa pole. Kwa nini tunaulizana mambo ya kahawa?"

Ghazwan akaona ni wakati. Akaeleza kwa maneno machache, bila chumvi, kile Abu Saqr alichoapa Amman. Akaona nyuso zinavyobadilika moja baada ya nyingine. Hawakuwa wakijua. Walidhani kesi ni ya dawa na visu na mapafu, mambo ya madaktari. Hakuna aliyewaambia kwamba barazani mwao, mbele yao wenyewe, palikuwa pameombwa atwa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisikia.

"Uliapa?" Abu Thamir alimwuliza binamu yake. Ile shingo nene ilikuwa imelegea. "Kwa Mungu?"

Abu Saqr akaweka dele chini, akatoka nje.

Ghazwan alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye uwazi wa malisho, amekaa juu ya jiwe. Hakuwa na hasira, wala hakulia. Ghazwan alishawaona wengi waliokamatwa, na huyu hakufanana nao, maana mtu aliyekamatwa kwa uongo hutafuta uongo mwingine. Huyu alikaa tu.

"Baraza linaanza kesho asubuhi," Ghazwan alisema. "Njoo useme ulichosema humo ndani. Neno moja tu lile."

"Watanifunga?"

"Ukirudi mwenyewe kwenye kweli kabla hawajaamua, Wakili Nuzha atawaomba wakuache. Ni mkali, lakini hana roho mbaya."

Abu Saqr akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza jambo ambalo Ghazwan hakulitarajia.

"Faili la hospitali linasema ndugu yangu alianza kuumwa lini?"

Ghazwan akamtazama vizuri. Katika miaka yake yote, washtaki huuliza mtu alikufaje, nani alikuwa zamu, nani alichelewa. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo. "Sijui," alisema. "Mwulize daktari."

Njiani kurudi Amman alilizungusha swali lile kichwani, akalipeleka kwa Wakili Nuzha bila jibu.

"Kwa nini aliapa uongo?" Nuzha aliuliza. "Hasa kitu gani alikitaka? Hakudai fidia. Hakutaka lolote zaidi ya daktari kuitwa mkosaji."

"Hilo ndilo sijalijua bado."

Asubuhi Abu Saqr alikuja. Alikuja amevaa joho lake la heshima, na nyuma yake Abu Thamir na wengine wawili, uso wa kila mmoja umesawijika. Wakili wao, kijana wa tai ya zambarau, alijaribu kumshika mkono mlangoni, akashika hewa. Abu Saqr alisimama mbele ya baraza akasema, kabla hajaulizwa, kwamba kiapo chake hakikuwa kweli.

Wajumbe wakaanza kunong'onezana. Mwenyekiti, yule mtu wa Tafila, akavua miwani.

"Hajj Mutlaq alikuja kwenu?"

"Alikuja."

"Akamiminiwa kahawa?"

"Akamiminiwa."

"Akaiweka au akanywa?"

"Akanywa, mheshimiwa. Kabla ya kusema neno."

"Basi hakuja na haja yoyote," mwenyekiti alisema, akawageukia wenzake wa Amman waliokuwa wakimtazama bila kuelewa. "Nitawaeleza baadaye. Mniamini kwanza."

Mambo yakaenda upesi baada ya hapo. Bila kile kiapo, kilichobaki kilikuwa maoni ya wataalamu wawili dhidi ya pengine ya mmoja, na huyo mmoja, alipobanwa na Wakili Nuzha, alikiri kwamba hata wagonjwa wake yeye hawatembezwi mapema kuliko alivyotembezwa Munawwar. Baraza likatoka, likarudi. Malalamiko yakatupwa. Leseni ya Daktari Wisal ikabaki yake. Kuhusu kiapo, Wakili Nuzha aliinuka akaomba mtu aliyejirudi asiburutwe kortini, na mwenyekiti akakubali kwa kikohozi.

Nuzha alipoketi, Ghazwan alimwona anavua viatu chini ya meza na kuvinyoosha vidole. Daktari Wisal hakufanya kitu. Alikaa vile vile, mikono magotini, isipokuwa mabega yalikuwa yameshuka, na pumzi ilimtoka ndefu, ndefu kabisa, kama iliyokuwa imefungiwa tangu msiba. Kisha akatoa simu. "Ammi," alisema, na safari hii ilipokewa mlio wa kwanza. Kutoka ndani ya simu walisikia sauti kali ya mzee ikiuliza kuna nini, na mbuzi wakilia nyuma yake, halafu sauti ile kali ikakatika katikati na haikurudi kwa muda.

Walipotoka, Abu Saqr alikuwa ukumbini, peke yake kwenye benchi. Jamaa zake walikuwa wameshateremka. Alipomwona daktari akasimama, akavuta joho lake.

Ghazwan akasogea mbele kidogo, mazoea ya kazi. Wakili Nuzha akamshika mkono.

"Daktari," Abu Saqr alisema. "Nina swali. Kama hutaki kunijibu, una haki."

"Uliza."

"Maumivu yalimwanza wakati tunakata manyoya ya kondoo. Usiku analia. Akaniambia, kaka, nipeleke mjini. Nikamwambia subiri, tumalize kazi, tumbo litapoa. Akasubiri. Mimi ndiye mkubwa, hakunikatalia." Akalikunja joho lake mkononi. "Kama ningemleta siku ile aliponiambia, angekuwa hai?"

 Ghazwan akaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, kiapo, macho mekundu, swali la pale jiweni. Na akaelewa pia kwamba mwanamke huyu, aliyeburutwa na huyu mtu miezi yote hii, sasa alikuwa ameshika kisu, na kingekata kirahisi sana.

Daktari Wisal akaonyesha benchi.

"Kaa," alisema. Akakaa naye. "Ule mfuko wa nyongo niliushika kwa mkono wangu. Haukuwa umeoza, haukuwa umepasuka. Kuchelewa kulimtesa, sikufichi. Lakini hakukumuua. Ile damu iliganda mguuni baada ya upasuaji, na ningeweza kumpasua siku ile aliyokuambia, na ikaganda vile vile."

"Unasema kweli, au unanihurumia?"

"Nimekuwa na hasira na wewe mpaka nywele zimeninyonyoka, Abu Saqr. Sina huruma ya kukupa. Wallahi, hukumuua wewe."

"Basi nani?"

"Hakuna."

"Hakuna," alirudia. Akalijaribu tena neno lile, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango uko wazi kweli. "Hakuna."

Kisha mtu yule mfupi mpana, mkubwa wa nyumba, akaufunika uso wake kwa ncha ya joho akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia makaburini, na daktari hakuondoka. Ghazwan na Wakili Nuzha wakasogea mpaka dirishani, wakawaachia benchi.